Funda Moja Ninalodaiwa

Siku hiyo pale kwetu Chawia tulikuwa watu saba, na nitawataja wote, kwa sababu wako watu wanaousimulia mkutano ule kama waliouona na hawakuwako. Alikuwako Mzee Kilonzo, Mkamba wa Voi, aliyestaafu kazi ya reli. Alikuwako Salim, dereva wa lori, na Njeri, muuza mitumba katika soko la Voi. Hao watatu walikuwa wageni wangu. Wenyeji walikuwa baba mdogo Mwadime, ndugu wa marehemu baba yetu. Mkewe, mama mdogo Mkamburi. Na Nyambu, kitinda mimba wetu, ambaye ndiye aliyekuwa akifa. Wa saba ni mimi, Wakesho. Ndugu zetu wawili wa katikati walikuwa Mombasa, wakasema watapiga simu. Hawakupiga. Jogoo wa jirani aliingia pia, lakini yeye simhesabu, ingawa naye alilowa.

Basi mtu akikuambia kwamba siku hiyo Wakesho alilewa mbele ya wazee, muulize yeye alikaa wapi. Akikuambia tulileta mganga, muulize tena.

Ninawaandikia ninyi vijana, na wengi wenu ninawajua kwa matumbo kuliko kwa sura. Nilipika katika shule moja ya bweni huku Mwatate, tangu nikiwa msichana wa kuosha sufuria mpaka nikawa mpishi mkuu, na nimestaafu sidaiwi na mtu yeyote ila deni moja, ambalo nitalieleza. Githeri yangu ya mahindi na maharagwe mliila. Uji wangu mliusema vibaya mkiwa kidato cha kwanza na kuuomba zaidi mkiwa kidato cha nne. Sasa nasikia baadhi yenu mnakunywa kama nilivyokunywa mimi, na mnatafuta mahali pa kwenda, na mnaona haya kuuliza. Nitawaambia. Kazi ya jikoni niliijua vizuri, lakini kazi ya kukaa kwenye kiti cha plastiki na kusema ukweli ndiyo iliyonitoa jasho zaidi.

Kuna rafiki zangu wa kanisani walionishauri niandike lakini nisijitaje jina. Niliwajibu hivi: nilipokuwa nikilala mtaroni jina langu lilijulikana mpaka Ronge. Leo nimesimama, ndipo mnataka nilifiche? Wenzangu watatu niliwaomba ruhusa kabla ya kuwataja. Njeri na Salim walikubali mara moja. Mzee Kilonzo alisema, "Andika, na uandike pia kwamba ujanani nilikuwa mzuri wa sura." Nimeandika.

Wazazi wetu walikufa mmoja nyuma ya mwingine nikiwa darasa la sita. Sikurudi shuleni baada ya matanga. Nilikuwa mkubwa, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu na paa linalovuja. Sisemi haya ili mnihurumie. Nimeona watu wengi wakieleza ulevi wao kwa kuanzia kaburi la mama yao, na mimi nilifanya hivyo miaka mingi. Ukweli ni kwamba nilianza kunywa wadogo zangu walipokwisha kukua, wakati taabu imepungua. Nilikuwa nimezoea kubeba, na mzigo ulipotuliwa nikawa sijui mikono niiweke wapi. Nikaiweka kwenye kikombe.

Kwanza ilikuwa mbangara, ile pombe yetu ya miwa, ya harusini na kwa wazee. Kisha chang'aa, ile kali ya magendo. Mpishi mlevi ni mtu hodari sana, msidhani ni mzembe. Nilikuwa wa kwanza kufika jikoni kila siku. Chupa yangu ilikaa ndani ya gunia la unga, mahali ambapo hakuna mwingine aliyechota. Mwalimu mkuu alinisifu kwa bidii. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nawahi gunia.

Aliyenielekeza alikuwa muuguzi mmoja huko Voi nilipokwenda na mkono ulioungua. Nilimwambia mvuke wa sufuria ndio ulionichoma. Akaufunga, akanikazia macho, akasema, "Mama, kuna watu hukutana kila Alhamisi alasiri nyuma ya soko. Wameacha pombe, au wanajaribu. Mlango ni wa kijani." Nilikwenda zangu. Lakini mlango wa kijani haukunitoka kichwani.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, maana mnaweza kulirudia. Nyuma ya soko kulikuwa na milango miwili ya kijani. Niliingia wa kwanza. Nilikuta watu wamekaa duara, wamama wengi, wazee wawili, chai mezani. Nikasema moyoni, ndio hawa. Nikakaa. Mwenyekiti akasema, "Tuna mgeni. Karibu, dada, jitambulishe na useme umekuja na nini." Nikasimama. Nikasema, "Mimi naitwa Wakesho. Ni mpishi. Pombe imenishinda."

Kisha mwenyekiti, mtu muungwana sana, akakohoa na kusema, "Asante, dada. Hapa ni kamati ya harusi." Mama mmoja pembeni akadakia, "Lakini amesema ni mpishi!"

Wakaniweka kwenye kamati ndogo ya chakula. Nawaambia kweli, niliipikia harusi hiyo, na pilau ilisifiwa. Na yule mwenyekiti aliponisindikiza nje alininong'oneza, "Ule mlango mwingine ndio wenyewe. Ndugu yangu huenda huko."

Nilijifunza jambo hapo. Nilikuwa nimeogopa miaka yote kwamba siku nitakayolisema lile neno mbele ya watu nitakufa. Nililisema mbele ya watu wasiohusika kabisa, watu waliokuja kujadili keki, na sikufa. Nilipewa chai. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa kunitisha kwa neno mlevi. Nimelisema mwenyewe, kwa sauti, mahali pabaya kuliko pote.

Ule mlango wa pili ulikuwa stoo ya mahindi. Ndani walikuwamo Mzee Kilonzo, Salim, Njeri, na watu wengine waliokuja na kwenda. Hapakuwa na picha ukutani wala kipaza sauti. Mzee Kilonzo alikuwa akichemsha chai kwenye jiko la makaa, na ilikuwa chai mbaya. Nilimwambia hivyo kabla sijamwambia jina langu. Akanikabidhi birika. "Basi kazi imepata mwenyewe," akasema. Mpaka leo birika hilo liko mikononi mwangu.

Mkikutana na kikundi kama hicho, msitazamie maajabu. Mtu anasema yake, wengine wananyamaza. Hakuna anayekushauri mpaka umwombe. Mara ya kwanza nilidhani wamenipuuza, kwa sababu nimezoea kwetu mtu akisema shida yake kila mmoja anatoa dawa. Salim ndiye aliyenieleza. "Dada, hapa hatupeani dawa. Mimi nilikunywa kwa siri mara mbili, siri kwa mke wangu na siri kwa msikiti. Nilishauriwa na nani? Hakuna aliyejua. Nilichokosa ni mahali pa kuitua siri, si shauri." Njeri aliongeza, "Na ukae karibu na birika. Mtu mwenye kikombe cha chai mkononi hawezi kukimbia haraka." Hayo mawili yamenifaa kuliko mahubiri mengi.

Na jambo lingine la kazi: usiende mkutanoni peke yako ukarudi peke yako ikiwa njia yako inapita kwa muuza pombe. Badilisha njia. Ukishindwa kubadilisha njia, badilisha wa kutembea naye. Na ukiwa umekunywa, njoo hivyo hivyo. Kaa karibu na mlango, nyamaza, kunywa chai. Nimemwona mtu akija amelewa wiki nyingi mfululizo, na siku moja akaja mkavu, naye alishangaa kuliko sisi.

Siku hizi naambiwa kuna mikutano ya simu. Mtu anakaa kitandani, anajiunga, anaongea na watu wa Nairobi. Sisemi ni vibaya. Kwa aliye mbali ni msaada mkubwa. Lakini nitasema nilichokiona: Njeri alijiunga na mmoja, mwanamume akatoa ushuhuda mzuri sana wa kuacha pombe, na kamera yake ilipowaka kwa bahati mbaya glasi ilikuwa mbele yake. Stoo ya mahindi haina kitufe cha kuzima uso. Pumzi yako inanuswa. Mimi nilihitaji kunuswa.

Nilikaa vizuri miezi kadhaa. Ndipo Nyambu akaniletea chupa.

Nyambu nilimlea tangu akiwa hajaota meno yote. Aliacha shule kidato cha pili, akawa mbeba kokoto, akawa mnywaji. Siku hiyo alikuja jikoni kwangu, shule ikiwa imefungwa, na wenzake wawili wakimngoja getini. Walikuwa wamewekeana dau. Akaiweka chupa mezani, akasema akicheka, "Dada, wanasema umeokoka kabisa. Mimi nimewaambia damu ni damu. Tuonyeshe." Kisha akatoka, akaniacha nayo.

Ningeweza kuimwaga. Beseni la kuoshea vyombo lilikuwa pale pale. Niliinywa yote.

Wiki mbili sikuonekana nyuma ya soko. Nilipofika, nikiwa nimevimba uso, Mzee Kilonzo hakuuliza lolote. Alinyosha mkono na birika. "Tumekunywa chai yangu wiki mbili," akasema. "Tumeteseka." Nikapika chai. Hilo ndilo lililonirudisha, na sikuanguka tena. Msiniulize ni siku ngapi, sihesabu. Wako wanaohesabu na inawasaidia. Mimi nikihesabu najiona nimemaliza.

Lakini hasira juu ya Nyambu ilibaki. Sikumpiga, sikumfukuza. Nilimpa chakula akija. Nilimpa kama unavyompa mtu wa pembeni, sahani na kijiko, bila neno.

Na yeye akaendelea kunywa mpaka akaanza kugeuka manjano. Daktari alimwambia waziwazi: akiendelea hana safari ndefu. Nilikwenda kumwona pale Chawia, katika nyumba ya wazazi, nikamwambia, "Njoo Alhamisi." Akanitazama kwa yale macho yake yaliyoingia ndani.

"Dada, mimi siumwi na pombe. Naumwa na hasira yako."

Vijana wa leo mnaweza kucheka. Baba mdogo Mwadime ndiye aliyemwambia hivyo, naye hakulitunga. Sisi Wataita tangu zamani tunajua kwamba mtu akiweka hasira moyoni juu ya mwenzake wa nyumbani, hasa mkubwa juu ya mdogo wake, yule mwenzake hastawi. Mifugo inakufa, mimba zinatoka, mwili unakonda. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anaketi mbele ya watu wa nyumbani, anaisema hasira yake kwa jina, anatia funda la mbangara mdomoni, analipuliza nje kama mvua, na anatamka baraka. Hasira inatoka na lile funda. Huwezi kutasa kwa uongo. Ukitasa huku umebakiza, unamdhuru zaidi uliyetaka kumponya.

Mimi ni Mkristo, na mchungaji wangu ana maneno yake juu ya jambo hili. Nilimsikiliza. Nikamwambia kwamba ndugu yangu anakufa, na mlango pekee aliouacha wazi ni huo.

Wakati huo mwenye stoo alikuwa ametuhamisha kwa kuwa mahindi yameingia, na Mzee Kilonzo akashauri tuzunguke nyumba kwa nyumba kama chama. Ilipofika zamu yangu nikasema tukutane Chawia, Nyambu asikie akiwa kwao, hata kama atakaa chumbani. Nikamtumia baba mdogo ujumbe: wageni wa kikundi changu wanakuja, na tutazungumza habari ya Nyambu.

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo nadhani ni sisi tu tungeweza kulifanya. Baba mdogo aliposikia wageni, na aliposikia tutazungumza habari ya Nyambu, alielewa mambo mawili, na yote mawili kwa haki. Mgeni anakirimiwa. Na hasira inatolewa. Kwa yote mawili kinahitajika kitu kimoja.

Tulipoingia sebuleni nilisikia harufu kabla sijaona. Mpishi hunusa kwanza. Kibuyu cha mbangara kilikuwa kimesimama katikati ya meza, kinatoa povu, na vikombe vimepangwa kukizunguka.

Salim aliangalia dari. "Astaghfirullah. Mimi hata sijakiona."

"Mimi nimekiona kwa pua," Njeri akasema, akashika mkono wangu.

Mzee Kilonzo alivua kofia, akamsalimu baba mdogo kwa heshima zote, kisha akageuka na kutembea kinyumenyume mpaka uani. Sisi tukamfuata mmoja mmoja kama kondoo.

Baba mdogo akatoka mlangoni amekasirika. "Wakesho! Wageni gani hawa wanaokimbia kikombe? Nimewakosea nini?"

"Hujawakosea, baba mdogo."

Mama mdogo Mkamburi akauliza, "Kwani hicho ni kikundi cha nini? Si cha kukopeshana?"

"Ni cha kuacha pombe, mama mdogo."

Akanitazama. Akawatazama wageni. Kisha akaketi kwenye kizingiti akacheka mpaka akashika ubavu. "Na mimi nimetwanga miwa mpaka mabega yakaniuma! Nikasema watu wa Voi wasije wakasema sisi ni wachoyo!" Mzee Kilonzo naye akaanza, na Njeri, na kwa kitambo tukacheka wote, hata baba mdogo kwa pembe ya mdomo.

Ila Nyambu hakucheka. Alikuwa ametoka na kuegemea nguzo ya nyumba, shati limekuwa kubwa mwilini.

"Tasa, dada," akasema. "Tasa hapa, hawa watu wako wakisikia. Ukitasa, Alhamisi ijayo nakuja kwenu. Usipotasa, msinisumbue tena. Niacheni nife nikijua ni kwa nini."

Baba mdogo aliingia ndani, akarudi na kikombe kimejaa mbangara, akaninyoshea. "Ni funda tu, mwanangu. Humezi. Unatema. Hata mtoto anaweza."

Nilikipokea. Lazima niwaambie nilikipokea. Povu lilikuwa zuri, rangi kama ya asali changa, na mama mdogo hajawahi kukosea mbangara. Watu wasiokunywa watawaambia ni funda tu. Lakini mdomo wangu haukujua funda la kutemwa. Haukuwahi kutema hata tone. Na hapo mbele yangu alisimama Nyambu yule yule, na pombe tena, na watu wakingoja kuona damu ni nini.

Nikakiweka chini.

"Mama mdogo, nipe maji."

"Maji?" baba mdogo akasema. "Unataka kumsuuza mtoto au kumponya?"

"Kumponya."

"Maji hayana uzito, Wakesho. Wewe umeishi sana na watu wa Voi."

"Baba mdogo," nikasema, na sasa sauti yangu ilikuwa ile ya jikoni, ile mnayoijua, "mwaka ule wa ukame, mama alipomtasia baba, miwa yote ilikuwa imekauka. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwako. Nawe ulikuwako, umekalia kinu kilichopinduliwa. Alitasa kwa kitu gani?"

Alikitazama kikombe cha mbangara nilichokiweka chini.

"Alitasa kwa kitu gani, baba mdogo?"

"Maji," akasema mwishowe.

"Na baba hakuinuka kitandani?"

"Aliinuka."

"Basi usiniambie maji hayana uzito."

"Hee!" mama mdogo akasema, na alikuwa tayari amekwisha kuchota. Akaniletea kikombe cha bati.

Nikaketi chini. Nyambu akaketi mbele yangu. Nikasema, "Nyambu, niliacha shule ili wewe usome, na wewe ukaiacha ile shule kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Niliumia." Nikatia funda, nikalipuliza. Lilimwangukia kifuani na begani. "Poa. Upone."

Nikasema, "Siku uliyokuja shuleni umelewa ukaangukia kuni zangu, na wasichana wakakucheka, na mimi nikasema simjui mtu huyu. Nilikuonea haya, nikajionea haya." Funda la pili lilitoka kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, na jogoo wa jirani, aliyekuwa akipita kati yetu, akapata baraka yake. Alipiga kelele kama aliyechinjwa. Nyambu akacheka kwa mara ya kwanza, na nikasikia kifua changu kimekuwa chepesi kweli. "Poa. Uwe na amani."

Likabaki la tatu. Wote walijua. Wenzangu wa kikundi walijua kwa kuwa nilikwisha kulisema kwenye stoo, na Nyambu alijua kwa kuwa ni lake.

Nikasema, "Uliniletea chupa."

Nikatia funda. Likakaa mdomoni. Nilitaka kulitoa, Mungu ananijua. Niliuona ugonjwa wake wote pale mbele yangu. Lakini niliiona na meza ile, na chupa ile, na kicheko chake akitoka. Maji yakapata joto mdomoni. Mashavu yakaanza kuuma. Na mwisho nikalimeza.

Walisikia likishuka. Mama mdogo akafunika mdomo. Maana ukimeza, umeirudisha ndani.

"Limekataa," nikasema. "Sitamtasia ndugu yangu kwa uongo. Yale mawili yametoka yote, hamna hata tone lililobaki. Hili bado. Nikisema limetoka nitamuua."

Nilidhani Nyambu atainuka aondoke. Baba mdogo ndiye aliyesema kwanza, polepole, kama anayepima mpaka wa shamba. "Amesema kweli. Wengi humwaga tu maji wakaenda zao. Basi, Wakesho, una deni kwa mdogo wako. Funda moja."

"Nalikubali," nikasema.

"Na mimi nitalidai," Nyambu akasema. Uso ulikuwa umelowa, sijui ni maji yangu au yake.

"Utalidai wapi?" Mzee Kilonzo akauliza. "Dada yako haishi hapa. Alhamisi alasiri huwa na sisi, na hakosi. Mwenye kudai humfuata mdaiwa, bwana mdogo. Sheria ndivyo ilivyo tangu enzi za reli."

"Sheria ya wapi hiyo?"

"Ya Voi."

Alhamisi iliyofuata tulikuwa nyumbani kwa Njeri. Nyambu alikuja. Alikuwa amekunywa, akakaa karibu na mlango, akanywa chai. Mkutano ulipokwisha akanijia. "Dada, deni langu?"

"Bado."

"Basi nitarudi."

Alirudi. Alirudi amelewa, akarudi akitetemeka, akarudi siku moja mkavu na kushangaa. Alianguka, akarudi. Kila mara, mwisho wa kikao, anasimama mbele yangu kama mtoza kodi. "Deni langu?" Wale wageni wapya hudhani nimemkopa ng'ombe. Umanjano ulitoka machoni. Siku hizi yeye ndiye anayewangoja wapya nje ya nyumba yenye zamu, ili wasiingie mlango usio wao.

Watu wamenisema kwa hili. Mchungaji amenisema, samehe, Wakesho, wewe ni mtu mzima. Dada zangu wa kanisani wameniambia nina moyo wa jiwe. Wengine wanasema ni ujanja, kwamba nalizuia funda lile makusudi ili Nyambu asiache kuja. Wote nawajibu hivi: nilipika maisha yangu yote. Maharagwe hayaivi kwa sababu wageni wamefika. Unaweza kuyapakua kwa haya, ukayatia chumvi na kitunguu, ukayaita chakula, na usiku watu watashika matumbo. Mimi sipakui yasiyoiva. Sikuwapakulia ninyi, sitampakulia ndugu yangu. Naonja. Kila Alhamisi naonja. Hasira ile ilikuwa ngumu kama kokwa, sasa inakaribia kubonyea. Siku itakapoiva nitajua, kwa maana kazi hiyo naijua.

Na ninyi mnaotafuta mlango, tafuteni bila kunong'ona. Ulizeni kwa muuguzi, ulizeni sokoni. Mkiingia kwenye kamati ya harusi, semeni hivyo hivyo.

Juzi tulikutana Mwatate, kwangu. Salim alikuwa safarini, akapiga simu tukamweka mezani kama mtu. Tulipomaliza, Nyambu hakuuliza kitu. Alikwenda mtungini, akachota maji kwa kikombe cha bati, akakiweka mbele yangu, akaketi.

Nilikishika. Nikakiinua mpaka midomoni, nikanusa, ingawa maji hayana harufu.

"Bado," nikamwambia. "Lakini usikimwage."

Akakifunika kwa sahani.